Mia Saba Zilizopungua

Mwanangu Mwanaidi,

Kaa kitako kwanza. Barua hii imeandikwa na mtu aliyeishia darasa la sita, na wewe ni mtu wa kuona makosa hata yakiwa yamevaa kanzu. Niko kibarazani, ni alasiri. Wewe umevuka feri kwenda Magogoni kuaga upande wa mama yako, na mama yako yuko jikoni anakaanga mahamri ya safari, kana kwamba huko chuo kikuu Eldoret watu hawali. Habari za sweta, za kupiga simu ukifika, za kujihadhari na watu uliowajua leo, zote ameshakuambia, mara tatu tatu. Mimi sizirudii. Nina jambo moja tu, nalo ni la namba. Nataka kukutaka radhi kwa ajili ya namba moja, na nataka iwe kabla hujapanda treni kesho.

Unanijua. Nimeendesha malori kutoka bandarini hadi Kampala, Kigali na Goma. Nimekula na mabwana forodha, nimecheza bao na askari wa nchi nne, nimekwama kwenye matope siku tatu na simba akaja kuninusa tairi. Simba mwenyewe alikuwa mmoja, tena alikuwa mbali. Kila mwaka nikisimulia huongezeka, na sasa wamefika watano. Barazani hapa Timbwani wananiita Profesa, nami huitika. Kwa hiyo kisa hiki unakijua, ulikuwamo, lakini nakusimulia tena kwa sababu hii itakuwa mara yangu ya kwanza kukisema bila kukipamba.

Bibi yako alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniita kitandani.

"Omari."

"Naam, mama."

"Nikifa nisomeeni tahlili yangu. Sabini elfu, kamili."

"Utapata, mama. Utapata hata laki."

"Sikutaka laki. Nimesema sabini elfu."

Hayo ndiyo aliyoniagiza. La ilaha illallah mara sabini elfu, wasome jamaa na majirani kwa ajili yake, isipungue hata moja. Kuna wanaosema jambo hilo si lazima, na kuna wanaolishikilia kwa meno. Mjadala huo niliwaachia masheikh. Mimi nilikuwa nimeagizwa na mama yangu.

Siku ya tatu ya matanga tulijaa hapa hapa kibarazani nilipokaa sasa, wanaume thelathini na watano, na wanawake wako ndani. Mwalimu Abdalla wa chuo cha Kurani ndiye aliyekuwa akiongoza hitima. Alitaka kazi ya kuhesabu ampe mtu mtulivu. Nikamwambia, "Mwalimu, starehe. Mimi nimehesabu magunia mia sita mpakani, mvua inanyesha, na karani akaja kuniuliza mimi." Basi akaniachia. Nikahesabu kunde mia saba kwenye sinia, nikazigawa, kila mtu kunde ishirini. Mpango wangu ulikuwa hivi: ukimaliza mzunguko mmoja wa tasbihi, rudisha kunde moja kwenye sinia. Kunde moja ni mia moja, kunde mia saba ni sabini elfu. Wallahi nilijiona kama ndiye niliyevumbua umeme.

Tasbihi zote zilikuwa zile za msikitini, za shanga tisini na tisa.

Wewe ulikuwa na miaka kumi, umeketi ubavuni mwangu, umeshika tasbihi ya Bibi. Uzi wake ulikuwa umekatika kabla hajafa, shanga zikatawanyika chini ya kitanda, na wewe ndiye uliyezisaka na kuzitunga upya, ukimhesabia Bibi kwa sauti: tisini na tisa, kisha ule ushanga mkubwa wa imamu, usiohesabiwa. Nilikuwa mlangoni siku hiyo. Nilisikia.

Kunde zote zikarudi kwenye sinia kabla ya adhuhuri. Watu wa Mtongwe walipomsomea marehemu wao walikwenda hadi alasiri, tena walikuwa wengi kutushinda. Nikasimama. Mwenye msiba, macho mekundu, na bado nilipata nguvu ya kujisifu. Nikasema, "Jamaa, sabini elfu hiyo, kamili, na adhana bado! Kawaambieni wa Mtongwe."

Ukanivuta mkono wa kanzu.

"Baba, bado."

"Bado nini?"

"Tasbihi ina tisini na tisa. Kila kunde imepungua moja. Kunde ni mia saba. Basi zimepungua mia saba."

Hukusema kwa kelele. Lakini watu walikuwa wamenyamaza wakingoja dua, kila mtu alisikia. Mzee Kombo, jirani yetu, akacheka: "Profesa, leo umepata mkaguzi!"

Hapa ndipo pagumu pa kuandika. Miaka yote hii, kila nikikumbuka, nimekuwa nikijiambia kwamba sikukuelewa, kwamba nilikuwa na huzuni, kichwa kilikuwa kimejaa. Si kweli. Nilielewa ulipotamka "tisini na tisa", kabla hata hujamaliza. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kitoto. Na dawa yake ilikuwa rahisi zaidi. Watu thelathini na watano, kila mmoja aongeze ishirini tu, mia saba zimetimia. Isingepita dakika mbili. Ningesema, "Jamaa, mtoto yuko sahihi, tuongeze ishirini ishirini," Bibi yako angepata yake kamili, na wewe ungekuwa binti aliyemtimizia bibi yake.

Badala yake nikasema, na maneno ninayakumbuka yote: "Mwanaidi, huku wanakaa wenye akili. Nenda ndani ukahesabu meno yako, utuambie yamebaki mangapi."

Ulikuwa na pengo wakati ule. Watu wakacheka. Wanaume thelathini na watano wakikucheka kwa pamoja, mwanangu, ni kelele kubwa kwa mtoto wa miaka kumi. Mwalimu Abdalla hakucheka. Alinitazama kidogo, akangoja, akaona mwenye msiba hana la kuongeza, akainua mikono kwa dua. Wewe ukaiweka tasbihi kwenye mkeka, taratibu, ukainuka, ukaingia ndani.

Biriani ikaja. Nilikula sana.

Sasa nikwambie nilichopoteza, maana wakati ule sikujua kuwa ni kitu cha kupotea. Kabla ya siku ile, nikirudi safari ulikuwa hunipokei mimi, unalipokea lori. Unapanda, unasoma namba ya kilomita kwenye dashibodi, unashuka unaniambia, "Baba, hii inagawanyika kwa saba," au, "Baba, leo umeleta namba isiyogawanyika kwa chochote." Nami nilikuwa nikijisifu kwa matanboi, wasaidizi wangu wa lori, kwamba lori langu linakaguliwa na mtu mkubwa. Baada ya hitima niliporudi safari ya kwanza, ulisimama pale mlangoni. "Shikamoo Baba." "Marahaba. Hebu panda ukanisomee kilomita." Ukasema, "Mama anakuita chakula." Tangu hapo ikawa "sawa Baba". Nikisema uongo, sawa Baba. Nikisema Goma ni karibu na bahari, sawa Baba. Hukunisahihisha tena hata siku moja. Na mimi mjinga nikawaambia watu, binti yangu amekua, ana adabu.

Halafu ile siku ya zawadi, ukiwa kidato cha tatu. Umekuwa wa kwanza kwa hesabu, wazazi tumeitwa. Mkuu wa shule aliniomba nisimame nisalimie. Kusalimia tu. Nikazungumza robo saa. Nikasema kichwa hicho kimetoka kwangu, nikasimulia magunia, nikasimulia mpaka. Watu wakapiga makofi. Nikakutafuta kwa macho, ukawa unatazama viatu vyako. Nilidhani ni haya za kisichana.

Juzi nilikuwa nafunga sanduku lako la bati kwa kamba, kifuniko kikafunguka. Haya, hakikufunguka chenyewe. Nilipekua. Nikaona daftari la zamani, jalada la buluu, na kwenye ukurasa mmoja umeandika juu kabisa: Sabini Elfu ya Bibi. Hati ni ya mkono wako wa utotoni, lakini chini yake umeendelea kwa kalamu nyingine, na nyingine, kana kwamba kila mwaka ulirudi kuitembelea namba hiyo. Nilikaa chini nikasoma. Nusu sikuifahamu. Nusu nyingine niliifuatilia kwa kidole, mstari kwa mstari, na kalamu na karatasi pembeni, mpaka mama yako akaniuliza kama nimepata barua ya mahakamani.

Umeandika kwamba ukiivunja sabini elfu mpaka isivunjike tena, unabaki na mbili nne, tano nne, na saba moja. Basi. Ndani yake hamna kitu kingine. Umeandika kwamba namba hamsini zinaweza kuigawa bila kubaki kitu, na umeziorodhesha zote, kuanzia moja. Nilizihesabu. Ni hamsini kweli. Tatu haimo, tisa haimo, kumi na moja haimo. Halafu pembeni umeivunja tisini na tisa: tatu, tatu, kumi na moja. Ni zile zile ambazo sabini elfu haizitaki! Umeandika, "Hazina hata ndugu mmoja wa pamoja." Mwanangu, nilirudia mstari huo kama mara kumi. Tasbihi imetengenezwa kwa vitu visivyomo kabisa katika ile namba tuliyokuwa tukiihesabu kwayo.

Na ile ya elfu kumi. Umeeleza kwamba elfu kumi ukiigawa kwa tisini na tisa hubaki moja. Sabini elfu ni elfu kumi mara saba, basi lazima zibaki saba. Mizunguko mia saba na saba, na saba juu. Hiyo niliielewa peke yangu, bila kusaidiwa na mtu, nikafurahi nikataka kuja kukuambia, kisha nikakumbuka niko kwenye sanduku lako. Umejaribu kwa tasbihi ndogo ya thelathini na tatu, zimebaki saba. Umejaribu kwa kumi na moja, saba. Kwa tisa, saba, na hapo umechora uso unaocheka, maana jibu lake ni elfu saba mia saba sabini na saba. Chini umeandika kwamba ili mizunguko ya tasbihi iishe pamoja na sabini elfu bila kubaki kitu, itabidi tusome milioni sita, laki tisa na elfu thelathini. Hiyo ni sabini elfu ya watu tisini na tisa. Nikajisemea, basi mpaka mtaa mzima tuishe! Nilicheka peke yangu chumbani mwako, na hapo hapo nikashindwa kucheka, kwa sababu nilifika mwisho wa ukurasa. Umeandika: "Baba alipiga 700. Zilihitajika 707 na 7. Zilizobaki tulimalizia ndani."

Tulimalizia ndani.

Nilifunga sanduku nikaenda kwa shangazi yako Zuhura, nyumba ya tatu. Alikuwa anachambua mchicha.

"Zuhura."

"Abee, kaka."

"Siku ya hitima ya mama. Mlifanya nini ndani?"

Hakuinua uso. "Tulimalizia mliyoyaacha."

"Nani kawaambia tumeacha?"

"Mwanao. Aliingia analia, kamasi mpaka kidevuni. Namuuliza nini, ananiambia Bibi amepunjwa. Nikafikiri ni nyama ya biriani." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Akatueleza mara moja tu, tukafahamu sote. Nyinyi huko nje wanaume wazima, mlikuwa na tasbihi mikononi."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wanawake sita, na yeye wa saba. Akasema, kila mtu tasbihi moja, kisha aongeze moja kwa kidole. Saba mara mia. Tukasoma, naye akasoma yake, kwa kwikwi. Tulimaliza nyinyi bado mnanawa mikono."

Nikamwambia, "Miaka tisa, Zuhura. Miaka tisa nimebeba deni la mama yangu rohoni, na wewe hukunambia?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Kwanza ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa hushiki kimya. Pili, mwanao alitukataza. Alisema, 'Msimwambie Baba, ataona haya.'"

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, nikapita hadi kule kwenye mteremko wa feri bila haja yoyote ya kuvuka.

Ulikuwa na miaka kumi. Nimekufanya kichekesho kwa watu, machozi hayajakauka, na la kwanza ulilolifikiria ni kunisitiri mimi. Na umenisitiri tangu siku ile. Sasa nafahamu ile "sawa Baba" ilikuwa nini. Mimi nilidhani umeninunia, na kununa nilikuwa tayari kukuvumilia, kunaisha. Kumbe ulikuwa unanichukulia kama mtu mgonjwa, asiyefaa kuambiwa ukweli. Afadhali ungeninunia.

Sijui nikupe wasia gani. Kwenye hesabu umeniacha zamani, na mji unakokwenda mimi nimeupita tu nikiwa nimekaa juu ya tairi. Ninachokijua ni hiki kimoja, na nimekinunua ghali. Huko uendako utakutana na watu wenye sauti kama yangu. Watakuwa wamesoma, watakuwa na suti, lakini sauti ni hii hii. Utawaonyesha kosa, nao watakuambia kahesabu meno yako. Wakikuambia hivyo, mwanangu, jua kwamba wamekuelewa. Mtu asiyeelewa huuliza. Mimi sikukuuliza kitu.

Na siku nyingine utakuwa wewe ndiye uliyesimama mbele ya watu, umeshatangaza, na kuna mtu mdogo anakuvuta nguo. Sitakuambia ufanye nini. Nakuambia tu kwamba dakika mbili nilizozikataa siku ile zimenichukua miaka tisa, na kilomita zote zile nilizoziendesha bila mtu wa kunisomea.

Kesho asubuhi, kabla hatujakupeleka Miritini kwenye treni, watu watakuja hapa kukuombea dua. Mzee Kombo atakuwepo. Wengi wa wale thelathini na watano watakuwepo, wale walio hai. Jana nilikwenda chuoni nikamwomba Mwalimu Abdalla anipe nafasi niseme maneno kabla ya dua.

"Maneno gani, Omari?"

Nikamwambia. Akavua miwani akaipangusa kwa kanzu, akairudisha.

"Siku ile niliona umejua," akasema. "Nami nikainua mikono. Basi ukimaliza wewe, nami nina la kumwambia mtoto. Lakini yakhe, sema kwa ufupi. Treni haitakungoja."

Kosa nililifanya mbele ya watu, na radhi nitaitaka mbele ya watu. Nitasema kwamba binti yangu alikuwa sahihi, kwamba nilijua, na kwamba sabini elfu ya mama yangu ilitimizwa na wanawake sita na mtoto. Najijua lakini. Nikiona watu wamenikodolea macho, ulimi utaanza kucheza. Nitataka kuingiza Kampala. Pengine simba naye atatokea. Ukiona hivyo usiniambie sawa Baba.

Nilifikiri niifiche barua hii kwenye sanduku, uikute huko mbele. Nimeghairi. Ukiisomea Voi au Nairobi, utafika mwisho wake umeshanisamehe kwa kunionea huruma, kama ulivyozoea, na mimi sitauona uso wako. Nakupa mkononi. Ninakusikia sasa hivi uko kwenye kona unamwamkia Mzee Kombo. Utapanda kibarazani, utaniamkia na mimi, nami nitakupa karatasi hizi bila neno, na hilo nalo litakuwa jambo jipya mtaani.

Isome hapa, mbele yangu. Nitakaa kwenye ngazi. Usiharakishe kwa ajili yangu, na ukimaliza usitafute la kuniliwaza. Kama bado una hasira, nipe. Mwanangu, umenisitiri vya kutosha. Leo niache nione haya.

Baba yako,
Omari